Jino la Juu

Nesi wa zahanati yetu hapa Kolwezi alikuwa ametuamuru, sisi akina mama wa watoto wachanga, tuwapanguse fizi kila asubuhi kwa kitambaa safi na maji ya vuguvugu, hata kabla meno hayajatoka. Mimi nilimtii kwa sababu alikuwa mkali. Asubuhi moja, binti yangu akiwa mapajani, kitambaa kikakwama kwenye kitu kidogo kigumu. Nikataka kupiga kigelegele. Kisha nikaangalia vizuri, kigelegele kikaishia kooni: jino lilikuwa juu. Nikachungulia chini. Chini palikuwa na fizi tupu, nyekundu, imejilalia zake.

Kwetu sisi jino ni jino. Lakini katika ukoo wa mume wangu, mtoto anayeanza kuota meno ya juu ni mkosi. Zamani, wanasema kwa sauti ya chini, mtoto wa namna hiyo hakuachwa akue. Siku hizi watu wamestaarabika, hawamtupi mtu, wanamnong'ona tu maisha yake yote. Kuku akifa, ni yeye. Tairi likipasuka, ni yeye. Kule kwao Kasaji yuko shangazi mmoja wa mume wangu, mwanamke mzima mwenye wajukuu, ambaye mpaka leo hawamruhusu kushika mbegu wakati wa kupanda. Kosa lake ni jino ambalo liling'oka tangu akiwa mtoto. Sikuwa tayari kumwona binti yangu akizeeka namna hiyo.

Mume wangu anaendesha lori la kubeba mchanga wa shaba. Huyu ni mtu anayeteremka milima kwa breki za kuombea dua. Nilipomwonyesha jino lenye ukubwa wa punje ya mchele, akalimulika kwa tochi ya simu, akarudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta.

"Eh, mama! Na mama yangu anakuya mu hii juma."

"Anakuya kufanya nini?"

"Kumupima mutoto meno. Unajua."

Nilijua. Kwao hakuna anayetangaza jino la mtoto kabla bibi mzaa baba hajaingiza kidole kinywani na kusema, mbele ya mashahidi, kama ni la chini au la juu. Neno lake halikatiwi rufaa.

Basi nikaanza kuishughulikia fizi ya chini. Nilimpa mtoto kijiko cha baridi atafune. Niliisugua fizi, nikaibembeleza, mwishowe nikaitukana. Haikutoa hata alama. Lile la juu, kwa ufedhuli wake, likazidi kurefuka. Na mtoto mwenyewe alikuwa na tabia mbaya ya kumchekea kila mtu.

Mama mkwe akashuka kwenye treni na kuku kwapani, vumbi la njia nzima limemjaa kichwani. Alikuja na binti zake wawili, mawifi zangu, wanawake wanaoweza kunusa balaa lako treni ikiwa bado Mutshatsha, nusu ya njia. Mtoto kila alipofungua kinywa acheke, nikamtia ziwa.

"Huyu mutoto ananyonyaka tu sawa mwana-ngombe?" wifi mkubwa akauliza.

"Iko na njaa," nikamjibu, na mtoto mwenyewe ameshiba mpaka anacheua.

Mama mkwe akanawa mikono kwa sabuni, vizuri kabisa, hata yule nesi asingepata la kusema. Akaketi kwenye kigoda. "Leta mutoto." Sikumleta. Akanyoosha mikono, akamchukua mwenyewe. Mawifi wakasogea, shingo zimewarefuka. Mume wangu akakumbuka ghafla kwamba lori linahitaji maji, akatoka nje. Kidole kikaingia kinywani, na binti yangu, ambaye hajawahi kumwogopa mtu, akauma.

"Yaa!" Mama mkwe akakivuta kidole, akakiviringisha kwenye pindo la kitenge. Akanitazama. Sijui aliona nini usoni mwangu. Mimi nilikuwa nimekwisha kuamua kwamba akisema ni la juu, naondoka na mtoto wangu, lori na dereva wake wabaki.

"Ya chini," akasema.

"Na siye tuone," wifi akasema, mkono tayari umenyooshwa.

"Kinywa ya mutoto ni soko? Nimesema ya chini!"

Vigelegele vikapigwa. Mume wangu akaingia mbio, anacheka meno yote nje. "Njo vile nilikuambia," akaniambia, "haukuangaria muzuri." Aliyemulika kwa tochi ni yeye! Wanaume hawa, mama zao wakisema neno, macho yao wenyewe wanayaona ya uongo.

Jioni tulikuwa wawili nyuma ya nyumba, mama mkwe na mimi, tukimnyonyoa yule kuku. Ndipo nikakiona kidole. Alama ya jino ilikuwa upande wa juu, karibu na ukucha. Upande wa chini hapakuwa na kitu. Akaona kwamba nimeona. Akaendelea kung'oa manyoya.

"Bwana yako naye, yake ilikuwaga ya chini," akasema. "Mama-mukwe wangu njo alisema vile. Mi sikumuuliza kitu. Na weye usiniulize."

Nilimpenda mwanamke yule ghafla mpaka nikakasirika, kwa sababu nilikuwa nimezoea kumsengenya na ilikuwa inanipa raha.

Sasa binti yangu ana kinywa kilichojaa meno ya maziwa, na bibi yake akija hapa hakubali mtu mwingine ampigishe mswaki. Mtoto hupiga kelele kwamba baba amesema meno haya yataanguka tu, ya nini kuyasumbua. Bibi hamsikilizi. Humkalisha mapajani, hutia dawa kidogo kwenye mswaki, kisha huinua mdomo wake wa juu kwa kidole kile kile. Hapo huinama na kupunguza sauti, mawifi wasisikie.

"Tuanze na mukubwa yao," humwambia.