Koo la Ardis

Ardis Tollefson, mwenzangu wa chumba katika nyumba hii ya wazee, tangu aingie alikuwa akiletewa chakula kilichosagwa. Nyama, viazi, karoti, vyote uji mtupu. Hakuuliza sababu. Dada yake alikula hivyo hivyo kabla saratani ya koo haijamuua, na Ardis alikwisha kujihukumu. Alikuwa akichagua nyimbo za maziko yake.

Mimi sina subira. "Wamekwambia una saratani?"

"Hapana, Marlys. Labda wanaogopa kunishtua."

"Basi omba faili lako la matibabu ulisome!"

"Aa, nitawasumbua bure."

Nikamsukuma na kiti chake cha magurudumu hadi kwa Denise, muuguzi mkuu. Denise hana ubaya, ila mambo yake ni ya pole pole.

"Mwanao ajaze fomu ya kuomba faili," alimwambia Ardis, "mwezi ujao tutaona."

"Kwani mwanawe ndiye anayeumwa?" nikadakia. "Mwenye koo ni huyu. Sheria inasema akiomba mwenyewe, hata kwa mdomo, aonyeshwe ndani ya siku moja. Au nimpigie mtetezi wa wazee?"

"Marlys, wewe ni kero."

"Tena kubwa. Kesho, basi?"

"Haya, kesho."

Kesho yake Denise alilileta faili mwenyewe, tukasoma pamoja. Saratani haikuwemo. Ila mtaalamu wa kupima umezaji alikuwa ameandika: "Amepewa mkate, amekataa. Amesema hawezi."

Ardis akashika mdomo. "Lakini alinikaribisha mara moja tu!"

Hapa kwetu Minnesota, mwenye adabu zake hukataa mara mbili, "Aa, siwezi," akapokea ya tatu. Yule mtaalamu katoka Texas. Kwake hapana ni hapana, ndipo akaagiza chakula kisagwe. Nilicheka mbavu zikaniuma. Denise naye, mzaliwa wa hapa hapa, alicheka, kisha akaona haya, akaomba radhi. Mchana ule ule koo likapimwa upya. Zima kabisa! Jioni Ardis alikula mkate na nyama, akitafuna kwa raha zake, nami moyo wangu ukatua.

Alipomaliza alimpigia simu mwanawe. "Curtis, mwanangu, sina saratani. Sifi."

Akasikiliza kwa muda mrefu, machozi yakimtiririka.

"Hata wewe ulidhani hivyo?" akasema. "Na siku zote hizo ukanyamaza?"