Tulipima dawa ya vidonda ya mama mkwe bila kumuuliza anaipikaje

Wakuu, nawasalimu kutoka Lubumbashi. Naandika niliyoyafanya mwenyewe. Nikifika nilikosahau, nitasema.

Miaka ya hamsini, mji ukiitwa Élisabethville, nilikuwa msaidizi wa maabara katika dispensari moja ya kambi ya wachimbaji. Nilikuwa na sekondari na koti jeupe. Nilijiona sana.

Mama mkwe wangu alikaa kambi hiyo hiyo. Alitibu vidonda kwa majani ya mti wa porini upande wa Kipushi. (Mti siutaji, msije mkajipaka.) Wachimbaji walimwamini kuliko sisi.

Daktari wetu, Mbelgiji, akaamua majani yapimwe. Yakifaa, mama aendelee. Yasipofaa, marufuku kutibu mtu kambini.

Mke wangu aliniletea kikapu cha majani, akasema, "Baba Odile, umuulize mama namna anaitengeneza."

"Mimi niulize mama mukwe mambo ya jiko? Bantu batanicheka. Jani ni jani." (Bantu ndio watu; Kiswahili chetu husema ba- penye wa-.)

Kwa wasiojua: kwetu mkwe haingii jikoni kwa mama mkwe, wala hawatazamani usoni. Lakini ningeweza kumtuma mke wangu. Sikumtuma.

Tulikausha majani, tukayasaga, tukayaloweka kwenye maji, tukachuja. Sungura walinyolewa mgongoni, wakakatwa vidonda vya ukubwa mmoja. Kundi moja lilipakwa dawa, jingine maji matupu. Kila asubuhi nilipima vidonda kwa rula.

Jaribio la pili lilikuwa la mafuta ya mawese, kuona kama majani yanazuia kuharibika. Chupa moja tulitia unga wa majani, nyingine hatukutia kitu, tukaziacha juani. Isiyo na kitu ilichacha mapema. Yenye majani ilikawia. Siku hizi mjukuu wangu anayesoma chuo kikuu, pale Kasapa, anaita hiyo antioxydant.

Kwa sungura hatukuona tofauti yoyote.

"Ambia ile mama, dawa yake basi," daktari akasema.

Nikaenda. Mama alikaa ndani nyuma ya pazia, mimi nje nimegeukia barabara, mke wangu mlangoni akipitisha maneno, ingawa wote tulisikiana.

Nilipokwisha kueleza majaribio na marufuku, mama alimwambia binti yake, "Muulize bwana yako, balipika yale majani mu mafuta ya ngazi?"

Ndiyo hayo mawese. Nikajibu, "Hapana, mama. Mu maji."

"Mabichi ao ya kukauka?"

"Ya kukauka."

"Basi balipaka sungura supu."

Kesho yake nilimweleza daktari. Akauliza kwa nini sikuuliza mapema. Nikamwambia desturi yetu. Akacheka: "Unaogopa mama ya bibi yako?" Sungura walikuwa wamekwisha, ripoti imekwenda. Marufuku ikabaki.

Mama alitii. Wenye vidonda waliobisha hodi kwake aliwaelekeza dispensari, na mimi ndiye niliyewafunga bendeji. Alifariki bila kuipika tena. Mke wangu hakuwahi kujua vipimo vyake vya kupika.

Mtaniuliza kama ile dawa iliponya kweli. Sijui. Pengine vile vidonda vingepona vyenyewe. Sasa hakuna cha kupima.

Nilichojifunza: ukipima dawa ya mtu, pima ile anayoitumia, si uliyoitengeneza wewe ukaipa jina lake. Na desturi haikunifunga mdomo. Nilijificha nyuma yake.

Wenye wakwe wa namna hiyo, mnawaulizaje? Na anayepima dawa za miti siku hizi aandike hapa anavyofanya. Nitasoma yote, ila polepole kwa sababu ya macho.