Ugali Nilioupikia Chanji

Mume wangu alinipiga kwa mwiko wangu mwenyewe. Naanzia hapo kwa sababu watu wakiniuliza biashara yangu ilianzaje, wanataka kusikia nani alinipa moyo na nilisali novena gani. Sikusali novena. Nilipigwa, nikapiga, na katikati ya vurugu hiyo ndipo watu wa Sumbawanga walipojua kwamba kuna mwanamke anayekuja kukupikia nyumbani kwako, jikoni kwako, halafu anakuachia vyombo safi anaenda zake.

Kabla ya hapo nilikuwa napika kwenye mgahawa karibu na stendi. Mwenye mgahawa alikuwa na tabia ya kurusha vitu. Chai ikipoa anarusha kikombe, wali ukishika chini anarusha mfuniko. Wenzangu walizoea kuinama. Mimi kuinama kulinishinda tangu nikiwa mtoto. Siku aliporusha sahani ikanipasua juu ya jicho, nilichota upawa wa supu ya utumbo nikammwagia kifuani. Ilikuwa imeanza kupoa, bahati yake. Nikachukua kisu changu na mwiko wangu, nikatokea mlango wa mbele ambao sisi wapishi tulikatazwa kuupita, damu ikinitiririka hadi shingoni na wateja wakiwa wameacha kutafuna.

Aliyenifuata nje alikuwa mama mmoja wa Kiislamu, mtu mzima, ambaye familia yake ina maduka na malori ya mahindi. Alikuwa mteja wetu wa kila Ijumaa. Alinipa leso yake nijifute, akaniuliza, "Ile pilau unapika wewe?"

"Mimi, mama."

"Basi njoo upike kwangu. Magoti yamenikataa, na wake za wanangu wanapika kama wanachemsha nguo."

Hiyo ndiyo biashara yenyewe, ilianzia kwenye vumbi la stendi na leso yenye damu. Kwake nilitumia visu vyake na sufuria zake tu, kwa sababu vyangu vilikuwa vimerudi nyumbani vikapita kwenye nyama ya nguruwe. Mwanawe alichinja kuku, mimi nikasubiri na maji ya moto. Kuku wale wa kienyeji walikuwa na hasira, mmoja alikimbia bila kichwa hadi kwenye kamba ya nguo akachafua mashuka. Tulicheka hadi yule mama akashika mbavu. Baada ya hapo aliniombea kazi kwa rafiki zake, na wao kwa rafiki zao.

Mume wangu alikuwa fundi wa matairi pale Milanzi tulipoishi. Alikuwa na mikono migumu na moyo ambao, nisiseme uongo, nilikuwa nimeupenda. Alinikubalia kazi kwa sharti moja. "Pika pilau, pika chapati, pika hata keki. Ila ugali wa ulezi usimsongee mwanaume mwingine."

Usicheke. Kwao, huko juu kwenye mashamba, mke anapoletwa mama mkwe humkabidhi unga wa ulezi, na ugali wa kwanza atakaousonga huwekwa mbele ya mume peke yake. Kuanzia siku hiyo ugali huo ni mali yake. Ndugu zake wanakula na watoto wanakula, lakini yeye ndiye anayewakaribisha. Kumsongea mwanaume wa nje, kwao, ni sawa na kulala naye. Sidhani kama Wafipa wote wako hivyo. Kwetu, vilima viwili tu kutoka kwao, ugali ulikuwa ugali.

Nililishika sharti hilo hadi nilipopata kazi mtaa wa Chanji. Mwajiri alikuwa dada mmoja wa ofisini, aliyekuwa akimuuguza baba yake mjane. Yule mzee alikuwa amebaki mifupa na macho. Nilimpikia mtori akaugeuzia uso ukutani. Nilimpikia wali na samaki, akaufunika kwa kitambaa kama anafunika maiti. Siku moja nilipokuwa naondoa sahani alinishika kanga.

"Mwanangu, wewe ni wa huku kwetu. Huwezi kunisongea ule wa ulezi?"

Nilimtazama. Nilimfikiria mume wangu kwa muda wa kufunga aproni, basi. Nikausonga mweusi, mgumu, wenye kung'aa, nikamwungia dagaa wa Kirando kwa nyanya. Yule mzee alikula huku machozi yakimshukia hadi kwenye ndevu, na alipomaliza alitaka tena kesho yake. Baada ya wiki chache alikuwa anatoka mwenyewe kuota jua barazani. Niliona fahari. Hata leo naona fahari.

Aliyeniponza alikuwa binti yake, tena kwa wema tu. Alipata pancha, akapeleka gari kwa mume wangu, akajua kwamba yeye ndiye mume wa mpishi wake. Akamshika mkono kwa mikono miwili mbele ya mafundi wote. "Kaka, mkeo ametuokolea baba. Ule ugali wake wa ulezi!"

Gari lilipoondoka mafundi waliangua kicheko. Wawili watatu walikuwa wa kijijini kwao, walijua maana yake. "Mshikaji, kumbe sahani tunachangia!" mmoja alimwambia.

Jioni aliingia ndani bila kuvua buti.

"Ulimsongea?"

"Nilimsongea."

"Wa ulezi?"

"Wa ulezi, na dagaa."

Ningeweza kudanganya. Ulimi wangu haukutaka. Alichomoa mwiko pale ulipotundikwa, na pigo la kwanza lilinipata begani. La pili nilikinga, na nilisikia mfupa wa kifundo cha mkono ukilia kama kuni kavu. "Mkono huu!" alikuwa akipiga kelele. "Ni mkono huu!" Nilimrukia nikamng'ata hadi nikaonja damu yake, akanibamiza kwenye kabati, vikombe vyote vikamwagika juu yetu. Alinipiga mgongoni hadi mwiko ukakatika vipande viwili. Majirani waliongeza sauti ya redio, ndio ustaarabu wetu wa Milanzi.

Kesho yake nilikuwa na kazi kwa yule mama wa malori, alikuwa na wageni wa harusi. Nilikwenda nimefunga mkono kwa kitambaa, vidole vimevimba. Aliuangalia mkono, akaniangalia usoni.

"Nani?"

"Wa nyumbani, mama."

Aliniwekea kigoda karibu na jiko. "Kaa hapa uende hospitali baadaye, au nenda sasa hivi. Chagua mwenyewe."

Nilichagua sambusa. Nilijua nikikosa siku ile nitakosa na nyingine, kisha zote, na mume wangu atakuwa ameshinda bila kunipiga tena. Wake za wanawe walizifunga, mimi nikazikaanga kwa mkono wa kushoto. Karai lilikuwa kubwa na mafuta yalikuwa yamechemka vizuri, yametulia, hayana povu.

Mume wangu aliingilia mlango wa uani bila hodi. Hakuwa amelala, macho yalikuwa mekundu. "Toka. Umemaliza kupikia watu."

"Sijamaliza. Zimebaki sinia mbili."

Alinishika ule mkono uliofungwa akauminya. Sijui kama unajua maumivu yanayoziba masikio. Niliona midomo ya wanawake inafunguka lakini sikusikia sauti. Nililishika karai kwa mkono wa kushoto, kwenye sikio lake la chuma linalounguza, nikaliinamisha. Mafuta yalimmwagikia mguu wa kulia, na alikuwa amevaa ndala. Ngozi ilijikunja mbele ya macho yangu. Hapo ndipo masikio yalipozibuka, kwa sababu mayowe yale nadhani waliyasikia hadi stendi.

Hata hivyo hakuniachia. Alinivuta tukaanguka wote kwenye sakafu yenye mafuta, akanipiga ngumi ya shavu. Ndipo yule mama ambaye magoti yalimkataa aliposimama. Alichomoa mchi kwenye kinu, akamshushia mgongoni. "Nyumbani kwangu!" Akamshushia tena. "Jikoni kwangu!" Sikuwahi kuona mtu akipiga vile, bila haraka, kama anatwanga. Wakwe zake walimshika kiuno, akawakokota wote wawili, akapiga tena. Niliogopa. Mimi niliyemmwagia mtu mafuta, niliogopa.

Aliposimama kupumua, yeye mwenyewe ndiye aliyechota maji ya pipa akaumwagia ule mguu, kata kwa kata, huku akimtukana mume wangu na kumwombea shifaa katika sentensi moja. Kisha alimwagiza mwanawe awapakie wagonjwa wote wawili kwenye gari moja. Tulikwenda hospitali mume wangu na mimi, tumekaa kiti cha nyuma, tunanuka sambusa.

Kikao cha ukoo kilifanyika kijijini kwa kina mume wangu, upepo wa juu kule ukitupiga hadi mifupani. Yeye alikuwa na bandeji hadi gotini, mimi nina plasta. Baba mkwe na wajomba walikaa upande mmoja. Mama mkwe alikaa mlangoni, kichwa chini. Mjomba mkubwa alizungumza kwa Kifipa kwanza, kisha akarudia kwa Kiswahili ili kisiwepo kisingizio. Kila mmoja amemwumiza mwenzake, kwa hiyo hakuna deni. Mrudi nyumbani, na mwanamke aache kuzunguka majikoni mwa watu.

"Shikamooni wazee," nilisema. "Mume naweza kumwacha. Kazi siachi."

Mume wangu alinyanyua gongo lake la kutembelea akanirushia. Lilinipita likavunja kibao cha mlango juu ya kichwa cha mama yake. Niliondoka na lori la mahindi, nimekaa juu ya magunia, nikilia kwa sauti kwa kuwa hakuna anayesikia juu ya injini.

Nilipanga chumba Chanji. Mfupa uliunga vibaya, mkono wa kulia haugeuki tena, kwa hiyo nilijifunza upya kusonga kwa kushoto kama mtoto. Wateja wengine walinikimbia, waliniita mama mafuta. Wengine nadhani walinichukua kwa sababu hiyo hiyo, maana kwenye nyumba zao niliona wake wakinitazama kwa jicho fulani na waume wakisema asante kwa adabu sana.

Kisha baba mkwe alifariki. Nilisikia, sikwenda kuzika. Ilipokaribia misa ya kumaliza msiba, mama mkwe alinipigia simu. Tangu kikao tulikuwa hatujazungumza.

"Watu watakuwa wengi," alisema. "Nataka upike wewe."

"Mama, mimi si mkwe wako tena."

"Sijamwita mkwe. Nimemwita mpishi. Na wa ulezi uwepo."

Nilikwenda. Ng'ombe aliangushwa alfajiri nyuma ya zizi, wanaume wanne wakimkalia shingo, na damu yake ikafuka moshi kwenye baridi. Nilikata nyama kwa hasira hadi mbavu zikaruka vipande. Kila aliyenisalimia nilimjibu kwa mkato. Nilisonga ulezi kwenye mapipa, wanawake wawili wakinishikia.

Wanaume walikaa kwenye mikeka, makundi makundi, kila kundi sinia yake. Mume wangu alifika wa mwisho, akichechemea, akatafuta nafasi kati ya wajomba na mafundi wale wale wa Milanzi. Niliwawekea ugali wa ulezi katikati. Aliutazama. Moyo ulinidunda kwa hofu kwamba ataipiga teke ile sinia, na kwa tamaa mbaya kwamba aipige, kwa sababu nilikuwa na kisu kiunoni na nilikuwa tayari.

"Kula bwana, unapoa," mjomba alimwambia.

Alimega tonge, akalichovya, akala. Wote walikula, mikono ikipishana. Sinia ilipobaki tupu alisema bila kunitazama, "Mpishi, tuongezee."

Nilitaka kumpiga na nilitaka kulia. Nilikwenda kupakua mwingine, wa moto, nikarudi nao. Alijisogeza kidogo kwenye mkeka ili fundi mwenzake naye aifikie sinia.