Jiko Lililokuwa Ghana

Mume wangu aliponiambia kwamba kwao chumba cha kulala kiko Togo na jiko liko Ghana, nilidhani ananitania. Mimi Mtanzania, mpaka naujua: foleni, muhuri, askari mwenye kiu ya soda. Kumbe kwao mpaka ni nguzo fupi ya saruji iliyosimama uani, na mama yake huanika pilipili juu yake. Maji wanateka Ghana, muhogo wanalima Togo, makaburi yako pande zote mbili.

Mama mkwe alikuja kwetu Scarborough, Kanada, mwaka 2009, tukaanza kumwombea kibali cha kubaki nasi. Jioni moja, binti yetu akiwa mapajani mwake, akasimulia alivyomzaa mume wangu. Mvua ilikuwa kubwa, uchungu ukamkuta anasonga ugali, mtoto akazaliwa palepale jikoni, karibu na mafiga. Mume wangu alitafsiri huku akicheka, binti akapiga makofi.

Mimi nilipigwa na butwaa. Jikoni? Jikoni si ndiko Ghana? Pasipoti yake na makaratasi yake yote ya uraia wa Kanada yalisema amezaliwa Togo. Hata kiapo alikula!

"Baba aliniandikisha kwa karani aliyekuwa karibu," akasema, kama vile anaeleza aliponunua kiberiti.

"Na hawa wa uhamiaji wakisema ulidanganya? Wakikunyang'anya uraia?" Nilifoka, sikujali mkwe yupo. "Hilo jiko lisitajwe tena humu ndani!"

Mama mkwe hajui Kiingereza, lakini kufoka kunaeleweka kwa lugha zote. Akamuuliza mwanawe nimesema nini, naye akamwambia.

Siku ya mahojiano tuliingia wote watatu, mkalimani akiwa kwenye simu. Afisa akaomba kitambulisho. Mama mkwe akafungua fundo la kitenge chake, akatoa viwili, kimoja cha Togo na kimoja cha Ghana, akavipanga mezani vizuri kabisa. Roho nusura initoke. Huku si kujipalia makaa?

"Kwa nini viwili?"

"Hiki cha hospitali, hiki cha soko. Kijijini kila mtu anavyo."

Afisa aliandika kwa muda mrefu. Kisha akamwelekezea mume wangu kalamu. "Huyu ulimzalia wapi?"

Mama mkwe alimtazama mwanawe, halafu akanitazama mimi.

"Chumbani. Togo."

"Una mali yoyote upande wa Ghana?"

"Sina kitu. Hata jiko sina."

Mkalimani alitafsiri. Afisa akakunja uso, hakuelewa jiko limetokea wapi.

Kibali kilitoka baada ya miezi kadhaa, nikapika pilau. Tukiwa mezani binti yetu akamrukia bibi yake kwa Kiingereza chake, anataka tena hadithi ya baba kuzaliwa jikoni. Mume wangu akatafsiri.

Mama mkwe aliweka kijiko chini. Akamwambia mtoto kwamba baba yake alizaliwa chumbani, na kwamba yeye hajawahi kuwa na jiko ng'ambo ya mpaka. Kisha akanigeukia mimi, akangoja nimwambie kama amejibu sawasawa.