Bibi Harusi wa Kanda ya Mwisho

Mimi niliokolewa na bibi harusi wa ndani ya televisheni.

Cheka kwanza. Ukimaliza, soma. Haya yalitokea Garissa, sebuleni kwa adeer wangu, mchana kweupe, na waliokuwepo wengine bado wanapumua. Anayetaka kunikanusha aje, nitampikia chai.

Adeer, yaani ndugu wa marehemu baba yangu, anaitwa Duale. Miaka ile ya tisini alikuwa na malori yanayopanda Wajir hadi Mandera. Nyumbani alikuwa na kitu ambacho mtaa mzima haukuwa nacho: televisheni ya rangi na deki ya video.

Baba alipofariki nilikuwa bado nanyonya, na mama hakukawia kumfuata. Adeer alinichukua, akanilea pamoja na watoto wake wawili, Mustaf na dada yake Fathi, akanisomesha mpaka kidato cha nne. Sikulala njaa kwake hata siku moja. Nalisema hili mapema, nisije nikaitwa mtovu wa shukrani.

Mkewe ni Eedo Weris, yaani Shangazi Weris. Mzaliwa wa Mogadishu huyo, alisoma shule ya Waitaliano, na ulimi wake ukishika moto hakuna maji ya kuuzima.

Vita vilipopiga Somalia, dada yake alivuka mpaka na watoto na begi moja. Wenzake walibeba dhahabu. Yeye alibeba kanda za video.

Wallahi. Begi zima, mchezo wa televisheni wa Kiitaliano, wa mafia.

Kulikuwa na mzee mmoja, Don Gaspari, mwenye wana wakaidi na ukoo wa maadui upande wa pili wa mji. Kila siku wanakula pamoja, wanabusiana mashavu, halafu wanauana. Maandishi ya kutafsiri chini ya picha hayakuwepo. Kwa hiyo baada ya swala ya alasiri Eedo Weris alikaa kwenye kigoda kando ya televisheni, wao wakisema Kiitaliano, yeye akitutolea Kisomali. Wanaume kwenye viti, sisi wanawake mkekani, majirani wamejaa dirishani.

Adeer alinaswa, bana. Alinaswa kabisa.

Akaanza kuvaa miwani nyeusi ndani ya nyumba. Akaandikisha FAMILIA KWANZA kwenye paji la lori lake kubwa. Mimi na Fathi tukigombania zamu ya kuosha vyombo, anatoa sauti chumbani: "Don Gaspari hangekubali upuuzi huu!"

Tulikuwa tunacheka. Mpaka Mustaf alipoharibu.

Mustaf alikuwa akiendesha lori la baba yake kutoka Balambala. Mbio za kijinga tu, hakuna aliyemkimbiza. Akamgonga kijana mmoja mchungaji aliyekuwa anavusha mbuzi barabara.

Hakusimama.

Yule kijana alifia pale pale kwenye vumbi, na binamu yangu akaenda kujificha Takaba, kwenye duka la jamaa.

Wazee wa pande mbili walikaa. Ngamia wa fidia ya damu, kama ilivyo kwetu, wakakubaliwa bila kelele. Lakini wa Balambala wakasema ngamia peke yao hawatoshi. Mtu akimwacha mtu barabarani kama mbwa, huyo hakukosea tu, amewadharau. Wakataka godobtir.

Kwa msiojua: godobtir ni msichana anayetolewa aolewe na jamaa wa aliyeuawa, ili kisasi kife na maadui wawe wakwe.

Nilikuwa jikoni napika mikate ya anjera Fathi alipoingia.

"Abaayo, dada yangu, wamekubaliana."

"Juu ya nini?"

"Msichana."

"Msichana gani?"

Fathi akaanza kulia. Basi jibu nikalipata.

Ningeozwa ndugu wa marehemu, mtu ambaye sijawahi kuona hata kivuli chake. Kwa nini mimi na si Fathi? Fathi ana baba. Baba yangu mimi alikuwa makaburini.

Sikulia. Niliacha anjera ikaungua nikaenda moja kwa moja kwa Adeer.

"Adeer, lile lori niliendesha mimi?"

"Hasna, kaa chini."

"Nimesimama vizuri. Nauliza, niliendesha mimi?"

"Familia hubeba mzigo pamoja. Damu ni damu."

"Na Fathi je, yeye ana maji?"

Mkono wake uliinuka. Ukashuka tena.

"Umesahau kilichotokea kwenye kanda?" akasema. "Don Gaspari ana mtoto wa ndugu yake, yatima, anampeleka kwa maadui ili vita viishe. Hata Ulaya wanafanya. Unadhani hampendi?"

Ni kweli. Eedo Weris alikuwa ametutafsiria hivyo. Yule msichana aliitwa Nunsia, na kanda iliyofuata, ya mwisho, tulikuwa hatujaitazama.

"Yatima huulizwa kabla ya kuozwa, Adeer. Sijatunga mimi, ni dini yetu."

"Utaulizwa," akanijibu polepole. "Na utajua la kujibu."

Hapo ndipo nilipoogopa. Maana alisema kweli. Ningesema hapana mbele ya msikiti mzima, halafu nirudi kulala wapi? Kwa nani? Nani angesimama upande wangu?

Eedo Weris nilimtoa kwenye hesabu mapema. Mustaf ni mwanawe wa kumzaa. Nisipotolewa mimi, shingo iliyokuwa wazi ni ya mtoto wake. Hata ningekuwa mimi ni yeye, ningenifunga kamba mwenyewe nikanipakia lorini.

Siku ile nilipotoka chumbani kwa Adeer, nilimkuta mlangoni. Alikuwa amesikia yote. Alinishika kidevu tu, akanitazama, akaenda zake.

Nikasema moyoni, nenda tu, mama yake Mustaf.

Wazee wa Balambala wakaja. Kiongozi wao alikuwa Mzee Bulle, baba wa marehemu, mtu mwembamba, mtulivu, ndevu zimepakwa hina. Wakalishwa wali na nyama ya mbuzi. Neno lingefungwa msikitini baada ya magharibi, na pale pale ningeulizwa.

Sasa kati ya alasiri na magharibi, wageni wa heshima unawapa nini na joto la Garissa? Unawapa chai, unawapa feni. Na kama wewe ni Duale, unawapa televisheni.

"Weris!" Adeer akaita. "Weka ile ya mwisho. Wazee wetu waone kwamba jambo hili si letu peke yetu."

Alitaka Don amsaidie kunitoa. Mnaelewa? Alitaka nioneshwe njia na Mwitaliano.

Eedo Weris akaweka kanda. Akakaa kigodani mwake.

Mimi nilikuwa napitisha chai, sinia mkononi. Kwenye kioo tukaona kanisa, maua, watu wamevaa kama wafalme. Nunsia anaingia na gauni jeupe, ameshikwa mkono na Don Gaspari. Macho yamemvimba. Maadui wote wamesimama upande wa pili, wametabasamu mpaka magego.

Padri akauliza.

"Anamuuliza kama anakubali," Eedo akasema.

Dirishani walisukumana ili waone.

Nunsia akafungua mdomo, akasema neno moja dogo.

Eedo Weris hakugeuka kututazama. Akatafsiri kwa sauti ya juu, kavu:

"Amesema: Sitaki."

Mtu mmoja dirishani akasema, "Allah!"

Don Gaspari akainama, akambusu Nunsia kwenye paji la uso, akamnong'oneza kitu.

"Anamwambia," Eedo akaendelea, na hapo sauti ilimtetemeka, "twende nyumbani, mwanangu. Nimekulea ili nikulinde, sikukulea niwe na cha kulipia. Aliyemwaga damu ndiye atakayekuja kusimama hapa."

Kisha akainuka, akachomoa waya ukutani. Kioo kikawa cheusi.

"Imekwisha," akasema.

Sijui nilitoa wapi nguvu. Ninachojua ni kwamba sinia nililiweka chini katikati ya wale wazee, vikombe vikagongana, nikasema:

"Na mimi sitaki. Msiningojee msikitini. Mmeniuliza hapa, nimejibu hapa. Sitaki!"

"Naa, wewe mwanamke, nyamaza!" mzee mmoja wa kwetu akafoka.

"Nimenyamaza tangu nizaliwe. Leo imetosha."

Adeer hakunitazama. Alikuwa anamtazama mkewe.

"Weris. Rudisha nyuma."

Eedo akasita kidogo. Akachomeka waya, akarudisha kanda. Padri akauliza tena. Nunsia akasema tena lile neno lake dogo. Don akainama tena.

"Alisema nini?" Adeer akauliza.

"Alisema hataki."

"Na mzee?"

"Nimeshakwambia alichosema mzee."

Mama wa watu amesimama mbele ya wanaume wote wale, kidevu juu, jasho linamtiririka shingoni. Wakati ule nilidhani ni joto.

"Zima," Adeer akasema kabla picha haijaendelea. Akavua miwani nyeusi, akaikunja, akaiweka mfukoni. Akawageukia wageni.

"Msichana hayumo tena katika maneno yetu. Ngamia wenu ni wenu. Na mwanangu nitamleta Balambala kwa mkono wangu mwenyewe, asimame mbele ya mama wa marehemu."

Eedo Weris akafumba macho.

"Duale," Mzee Bulle akasema, "unavunja neno kwa sababu ya sinema?"

"Navunja neno baya. Sinema haina kosa."

Kelele iliyozuka hapo siwezi kuiandika yote. Wazee wa kwetu walimwita Adeer mwanamke. Mmoja akamwambia atazikwa bila watu. Adeer akajibu kwamba atakayekuja kumzika atatosha.

Mzee Bulle peke yake ndiye ambaye hakupiga kelele. Alimaliza chai yake, akaweka kikombe.

"Kijana wenu angesimama siku ile," akasema, "tungeomba msichana wa nini? Mlete."

Akapelekwa. Adeer alipanda hadi Takaba, akamtoa Mustaf nyuma ya magunia ya sukari, akamshusha Balambala. Mama wa marehemu alimzaba kibao kimoja mbele ya kadamnasi, kisha akaketi chini akalia, na Mustaf akalia naye. Ngamia wakapokewa. Mustaf akabaki kule akichunga mifugo ya marehemu, mpaka mama mwenyewe alipomwambia rudi kwenu. Hadi leo hashiki usukani.

Mimi nikawa mwalimu. Nikaolewa na niliyemtaka, mwalimu mwenzangu wa hisabati. Anakoroma kama jenereta, lakini nilimchagua kwa mdomo wangu.

Hadithi ingeishia hapa. Ila juzi binti yangu aliukuta ule mchezo kwenye simu yake. Wote, mpaka mwisho. Na safari hii na maandishi chini.

Nikaruka kila kitu, nikaenda kanisani kwa Nunsia.

Padri anauliza. Nunsia anafungua mdomo.

Ndiyo.

Amesema ndiyo, jamani! Don anainama, anambusu, ananong'oneza: "Tabasamu. Wanatutazama." Halafu ngoma, keki, maadui wanakumbatiana, na yule mtoto amekaa kwenye kiti chake kama mzigo uliofika.

Nikapanda gari mpaka Garissa. Eedo Weris ni kikongwe sasa, lakini ulimi ni ule ule.

"Eedo, Nunsia alisema ndiyo."

Akacheka mpaka akakohoa. "Kwani wewe ulitaka aseme nini?"

"Na Mustaf? Ungempoteza Mustaf!"

Kicheko kikakatika.

"Mustaf nilimzaa. Kosa lake ni langu na lake. Nikupeleke wewe ukalipe, halafu baba yako nikamwambie nini siku ya Kiyama?" Akanipiga paja. "Nilitetemeka lakini. Aliposema rudisha nyuma, nilijua nimekwisha."

"Kwa nini? Alikuwa anakuamini."

Akanitazama kama mtu anayemtazama mjinga wake mpendwa.

"Hasna, adeer wako ujana wake wote aliendesha lori la ndizi kwa Waitaliano, kule Jamaame, Somalia. Kiitaliano anakijua kunishinda. Alipenda tu kunisikia nikitafsiri."

Nikainuka.

Nikatoka uani. Adeer amekaa kwenye kiti chake cha kamba, macho yameingia ukungu, tasbihi mkononi. Nikachuchumaa.

"Adeer, ile siku ya wazee. Ulisikia alichosema yule bibi harusi?"

Akahesabu shanga kadhaa za tasbihi.

"Nilimsikia yeye," akasema. "Nikamsikia mke wangu. Nikakusikia na wewe na sinia lako. Nikachagua wa kumwamini."

Basi.

Wanaonijua huniuliza kwa nini mabinti wakiletwa shuleni kuaga eti wanakwenda kusuluhisha ugomvi wa wanaume, mimi husimama mlangoni na kukataa. Wananiita mkorofi, mvunja mila, mwanamke asiye na adabu. Niiteni.

Familia isiyoweza kusema uongo mmoja mbele ya watu ili imwokoe mtoto wake, hiyo si familia, ni genge tu lenye jina moja. Na wewe binti unayesoma hapa, ukiulizwa, usingoje kujua nani yuko upande wako. Jibu kwanza. Huenda wapo, wanangoja kukusikia.