Nyama Aliyoibeba Jokébed

Kabla ya vita Jokébed alikuwa mpishi wa nyumba ya wageni iliyosimama ndani ya parc, hifadhi ya wanyama, kwenye ufuko wa ziwa Edouard, karibu na Kyavinyonge. Kila siku ya yenga, yaani Jumapili, ibada ikiisha, familia zilishuka kutoka Butembo na Beni kuja kupumzika. Wanakwaya waliimba, watoto walirushiana maji pale palipokuwa salama, na Jokébed aliwakaangia tilapia. Bwana yake, Phinées, aliwachukua wageni kwa pirogue, mtumbwi wake, kwenda kutazama viboko. Walikuwa wengi mno, na waliolala pale walilalamika asubuhi kwamba mikoromo ya wanyama wale haikuwaacha wafumbe macho. Jokébed aliwacheka.

Vita vya pili vilipoanza, mwaka 1998, wageni wakakoma. Watu wenye silaha waliingia katika ile nyumba, wakachoma milango yake kupikia. Jokébed na Phinées wakapanda na watoto mpaka Vuhovi kwa kaka yake Jokébed, wakalima maharagwe kwenye shamba la kuazima. Lakini Phinées hakulizoea jembe. Mwaka uliofuata alisema anashuka kuangalia pirogue yake, atarudi upesi na samaki. Majuma yakapita, hakurudi. Jokébed akaacha watoto kwa wifi yake, akashuka kumtafuta.

Harufu ilimfikia kabla hajaona maji. Ufuko wote ulikuwa moshi, na chini ya ule moshi viboko walilala wamepasuliwa, matumbo yamemwagika mchangani. Wengine walielea karibu na matete, miguu juu. Meno yao yalikuwa yameshang'olewa. Wanaume walikata nyama na kuipanga juu ya moto, askari wakiwasimamia na bunduki. Mmoja wa wakataji aliinua uso. Alikuwa na damu mpaka mabegani, na Jokébed alimtazama kitambo kabla ya kumtambua.

“Baba Abigaïl,” akasema. “Ni weye?”

Phinées hakuacha kukata. “Balinipatia mupanga, bakaniambia: kata, ao tukukate. Ningefanya je?”

Jokébed akaketi pale pale mchangani. Baadaye alieleza kwamba hakulia, wala hakuomba. Aliona tu mikono ya bwana yake ikipanda na kushuka, akawa hawezi kufikiri neno lolote. Kisha akasimama, akamwendea mkubwa wa wale askari, ambaye alikuwa ameketi kwenye kiti cha nyumba ya wageni, akamwambia kwamba mama yake Phinées amekufa Vuhovi na hawawezi kumzika bila mwanawe. Mama mkwe alikuwa mzima, analima. Jokébed, mama wa kanisa, alishtuka kusikia jinsi uongo ule ulivyomtoka bila kukwama.

Yule mkubwa alimwangalia, akacheka kidogo, akasema matanga yanataka nyama. Akaamuru wafungiwe mzigo wa nyama.

“Mubebe,” akasema. “Mukikatala, munabaki bote.”

Wakaubeba. Kwenye mpando wa Kyondo watu walitaka kuununua, Jokébed akakataa. Alikusudia kuutupa porini, ila kila alipotaka kuutua aliona watu njiani ambao wangeuokota. Walipofika Vuhovi, watoto waliukimbilia mzigo kabla ya kumkimbilia baba yao. Wakala ile nyama na bugali, wakaomba tena. Jokébed akawapikia mpaka ikaisha. Yeye hakuionja, na Phinées alitoka nje kila ilipopakuliwa.

Walirudi ziwani vita vilipotulia. Wavuvi walilalamika kwamba samaki nao wamepungua tangu viboko wauawe, kwa kuwa kinyesi chao ndicho kilichowalisha. Phinées alipata pirogue nyingine, na siku moja familia changa kutoka Butembo ikaomba kupelekwa kuona viboko. Jokébed aliingia pamoja nao. Wakazunguka asubuhi nzima, hadi mbali kabisa, kando ya matete, yakatokea masikio mawili na pua. Halafu maji yakavifunika.

Ile familia ilipiga makofi. Mama wa watoto alimwambia Jokébed kwamba leo wamebahatika, hawakutegemea kuona kitu kikubwa hivyo. Jokébed alimkodolea macho. Alitaka kumweleza kwamba zamani mikoromo yao iliwanyima wageni usingizi, lakini akageuka kuyatazama tena matete. Phinées aliwashukuru wageni, akageuza pirogue.