Ndege Iliyofungwa Kigingi

Jumapili nilikwenda Nyansiongo kuiona ndege ambayo mwalimu mmoja anajiundia katika banda la ng'ombe lililoachwa na mzungu aliyehama. Mabawa ya mbao na turubai yalikuwa tayari, zilibaki nyaya tu. Nilikuta washauri saba, wote wakitafuna mahindi ya kuchoma, na wote wanajua.

Mmoja wao, fundi wa umeme wa nyumba kutoka Kisii mjini, alikuwa amepigilia chuma ardhini, akavuta waya kutoka kwenye chuma hicho hadi kwenye injini.

"Umeme usioingia ardhini utakuua, mwalimu," alisema akipangusa mikono. "Nyumba ya padri niliifanyia hivi hivi, na mpaka leo haijaungua."

Mwalimu akakuna kichwa. "Na ndege ikiruka?"

Fundi aliutazama waya, akatazama juu kama anayepima. "Tutaongeza waya."

Wenzake sita wakaitikia kwa vichwa. Mwalimu akashukuru, akaandika daftarini.

Mimi umeme siujui, lakini ng'ombe aliyefungwa kigingi namjua. Nilichungulia ndani ya ndege nikakuta kiti kimoja tu, cha mwalimu, ndipo nikaelewa kwa nini ushauri ulikuwa mwingi hivyo.